UZI: Kazi za mikono za Krismasi zinazojenga misuli midogo ya vidole, mwaka 1 hadi 6

Fundi_Shanga | #1

Wakuu, kila Disemba mapambo ya watoto huishia mikononi mwa watu wazima. Mkubwa anakata nyota, anapaka gundi, anapanga, halafu mtoto anaitwa abandike kipande cha mwisho. Pambo linapendeza, ila vidole vya mtoto havijafanya kitu. Tukusanye hapa kazi ambazo mtoto anazifanya mwenyewe. Anayechangia aseme kazi inajenga nini mkononi, vipimo vyake, na huwa inaharibikia wapi.

Mambo ya kuangalia mkononi ni haya: kubana kwa ncha ya gumba na kidole cha shahada, mikono miwili kushirikiana, mmoja ukishika na mwingine ukitenda, kugeuza kitu ndani ya kiganja bila kusaidiwa na mkono wa pili, na kugawa mkono pande mbili, yaani gumba, shahada na cha kati vifanye kazi huku cha pete na cha mwisho vikitulia kiganjani. Hili la mwisho wengi hawalijui, na ndilo linaloamua mtoto atashikaje kalamu na mkasi baadaye.

Kwa umri, makadirio tu: karibu na mwaka mmoja anabana kwa ncha za vidole. Kwenye miaka miwili hadi miwili na nusu anatunga shanga kubwa. Kati ya miwili na mitatu anaanza kukata vipande kwa mkasi, mkato mmoja mmoja. Mitatu na nusu hadi minne anafuata mstari mnyoofu, mduara unakuja kati ya minne na mitano. Watoto hutofautiana, kwa hiyo msipime kwa rula.

Naanza na shanga, maana ndiyo kazi yangu.

Fimbo ya mchungaji, ile ya mistari nyekundu na nyeupe: chukua waya laini wenye manyoya, sentimita 15, na shanga za rangi mbili. Kunja ncha ya chini kwanza ili shanga zisitoke, na ncha ya juu ikunje milimita 5 irudi nyuma, kwa sababu waya uliokatwa huchoma. Mtoto anatunga nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, akimaliza anapinda juu.

Kinachojenga uwezo hapa ni ugumu wa kamba. Anza na waya wenye manyoya, unasimama wenyewe na manyoya yanazuia shanga kuteleza. Akiuzoea, mpe kamba ya kiatu yenye ncha ngumu. Baadaye uzi wa sufu uliozungushiwa seloteipu nchani sentimita 3. Mwisho kabisa ndiyo sindano butu ya plastiki. Wanaomkabidhi mtoto wa miaka miwili uzi mlegevu wanamkatisha tamaa bure: uzi unainama, mkono wa pili haujui ushike wapi.

Akishaweza, mwekee shanga tatu kiganjani badala ya kumwachia bakuli. Azitoe moja moja hadi kwenye ncha za vidole kwa mkono huohuo. Kazi ni ileile, ila ugumu umepanda mara mbili.

Vibanio_Tu | #2

Uzi mzuri mkuu. Naongeza mti wa vibanio vya nguo.

Kata kadibodi ngumu umbo la mti, urefu sentimita 30, upana wa chini 20. Paka kijani au acha ilivyo. Mtoto anabana vibanio pembeni kuzunguka mti mzima, ndizo taa. Ukitaka kuongeza hesabu, chora nukta za rangi kwenye ukingo kila sentimita 4, kibanio chekundu kiende kwenye nukta nyekundu.

Angalia anavyobana. Akikibana kibanio kwa ubavu wa kidole cha shahada kilichokunjwa, na gumba limenyooka kama anageuza ufunguo, springi ni ngumu kuliko nguvu zake. Usimsahihishe kwa mdomo, badilisha kibanio. Vya mbao vilivyotumika muda mrefu huwa vimelegea, hivyo ni vizuri kuanzia. Vile vidogo vya mapambo watu hudhani ni rahisi kwa sababu ni vidogo. Nguvu vinahitaji kidogo kweli, lakini sehemu ya kushika ni finyu na vidole vinateleza. Mtoto chini ya miaka minne utamwona anahangaika.

Mbinu ya kutuliza vidole viwili vya mwisho: mpe kipamba kidogo akifumbate kwa kidole cha pete na cha mwisho wakati anabana. Kikidondoka anakiokota anaendelea. Ifanye mchezo tu, isiwe amri.

Kadibodi nyembamba ya boksi la nafaka hujipinda kibanio kikibana, mti unalala. Gundisha mbili pamoja.

Mama_Awali | #3

Swali kwa wadau: mtoto wa miaka mitatu na nusu anashika mkasi kwa mikono miwili, anaufungua na kuufunga kama mtu anayepunguza ua la miti. Nataka wakate mnyororo wa karatasi wa Krismasi darasani. Nimzuie au nimwache? Na mkasi wa plastiki unafaa?

KaratasiNgumu | #4

@Mama_Awali mwache leo, ila usimkabidhi mnyororo bado. Kuna hatua kabla yake.

Mkasi wa plastiki mtupu unafaa kwa udongo wa kuchezea tu. Kwenye karatasi hautafuni, unaikunja, na mtoto anajifunza kupinda kifundo cha mkono ili kuulazimisha. Mpe mkasi mdogo wa chuma wenye ncha butu, sentimita 12 hadi 13, unaokata kweli, na umsimamie. Mkasi unaokata vizuri ni salama kuliko unaomlazimisha kutumia nguvu.

Hatua ya kwanza, mikato mifupi. Kata karatasi ngumu ya kijani vipande virefu vyenye upana wa sentimita 2. Mkato mmoja unatosha kudondosha kipande. Vipande hivyo ndivyo majani ya mti: chora mti kwenye karatasi kubwa, paka gundi, abandike. Hakuna kinachotupwa. Karatasi iwe nzito, ile ya kadi. Ya daftari ni nyepesi mno, inaingia katikati ya makali.

Hatua ya pili, pindo. Chukua karatasi ya sentimita 10 kwa 20, chora mstari sentimita 3 kutoka ukingo wa juu, akate pindo kutoka chini hadi mstarini. Zungushia kwenye mrija wa kadibodi, unapata malaika mwenye gauni la pindo. Hapa anajifunza kusimamisha mkasi, jambo gumu kuliko kukata.

Hatua ya tatu ndiyo mnyororo. Chora mistari minene ya kalamu ya wino, unene karibu sentimita 1, vipande vya sentimita 3 kwa 18. Akishaweza kubaki ndani ya mstari mnene, upunguze hadi milimita 3.

Gumba liangalie juu muda wote, mikono yote miwili. Chora uso wa tabasamu kwenye ukucha wa gumba kwa kalamu inayofutika, mwambie uso huo usianguke. Viwiko karibu na mbavu. Viwiko vikipanda kama mbawa, ama meza ni ya juu mno kwake ama karatasi ni kubwa mno, na mara nyingi ni meza. Miguu ikining'inia, weka boksi chini yake.

Tatizo la mikono miwili mara nyingi ni kwamba mkono wa pili hauna kazi. Karatasi ukiishika wewe mbele yake, ataendelea hivyohivyo. Mpe kipande kifupi cha sentimita 10 akishike mwenyewe, mkono wa pili utaitwa na kazi.

Fundi_Shanga | #5

Kuhusu kugeuza karatasi wakati wa kukata mduara, ongeza neno mkuu. Wengi hugeuza mkasi.

KaratasiNgumu | #6

Kweli. Kwenye mduara, mkasi unabaki umeelekea mbele, mkono wa pili ndio unaoigeuza karatasi. Mtoto wa mkono wa kulia huenda kinyume cha mwendo wa saa, wa kushoto afuate mwendo wa saa. Mapambo ya mpira wa mti, kipenyo sentimita 10, yanafaa. Chini ya sentimita 6 ni kumtesa.

Na zile nyota za theluji za karatasi iliyokunjwa: msiwape watoto wa miaka minne karatasi iliyokunjwa mara tatu. Hizo ni tabaka nane, hata mkubwa anakaza mkono. Kunja mara mbili tu, ukitumia karatasi laini ya kuchujia kahawa. Inatoka na matundu machache, inatosha.

Unga_na_Chumvi | #7

Mapambo ya unga wa chumvi. Vikombe 2 vya unga wa ngano usio na hamira, kikombe 1 cha chumvi laini, maji robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Maji mimina kidogo kidogo, unga ukishashikana acha. Mtoto aukande dakika 5 hadi 10, na hapo ndipo mazoezi yalipo: kiganja kinasukuma, vidole vinakunja. Msiukande ninyi ili kuokoa muda.

Sukuma hadi unene wa milimita 5. Weka vijiti viwili vya unene huo pande zote mbili za unga, mti wa kusukumia chapati utembee juu yake, unene utalingana wenyewe. Kata nyota na kengele kwa kikatio. Toboa tundu kwa mrija wa kunywea, sentimita 1 kutoka ukingoni, kabla ya kukausha. Tundu lililo karibu zaidi na ukingo hukatika ukining'iniza.

Oka nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi, saa 2 hadi 3, ukigeuza katikati. Likivimba mapovu, joto lilikuwa kali. Likijikunja pembeni, upande wa juu ulikauka kabla ya chini: geuza mapema zaidi na uweke kitu bapa juu yake. Usitumie maikrowevu, vipande huvimba na vinaweza kuungua ndani. Kwa hewa tu huchukua siku 2 hadi 4, kutegemea unyevu.

Likipakwa rangi kabla halijakauka hadi ndani, rangi hubanduka. Likiachwa bila vanishi kwenye hewa yenye unyevu, chumvi huvuta maji na pambo hulainika.

Wa miaka miwili au mitatu wasiachwe na kikatio peke yake. Chapa kidole cha gumba mara tano kuzunguka kitovu, ukapata nyota ya vidole. Au watengeneze kondoo wa horini: vidonge vidogo vilivyoviringishwa kati ya gumba, shahada na cha kati, ukubwa wa harage, vibandikwe kwenye umbo la yai. Kuviringisha vidonge kwa ncha za vidole ni zoezi zito kuliko kikatio chochote.

Onyo: unga huu una chumvi nyingi kiasi cha kumdhuru mtoto akila donge zima, na mbwa vilevile. Anayepeleka kila kitu mdomoni asipewe. Aliye na mchubuko mkononi, utamuuma.

Mama_Awali | #8

Je, udongo mweupe wa bikaboneti (baking soda) na wanga wa mahindi? Nasikia ni laini zaidi.

Unga_na_Chumvi | #9

Ni laini na unabaki mweupe safi, ila upinzani wake mkononi ni mdogo, ndiyo maana mimi huuweka wa pili. Vikombe 2 vya bikaboneti, kikombe 1 cha wanga wa mahindi, maji kikombe 1 na robo. Koroga motoni kwa moto wa wastani hadi uache kushika sufuria. Mkubwa afanye hapo. Funika kwa kitambaa kibichi upoe, kisha kanda. Ukikaushwa haraka juani unapasuka nyufa. Uache ndani usiku mzima, ugeuze asubuhi.

Kwa mtoto mwenye vidole dhaifu sana, huu ndio wa kuanzia. Kwa wengine, wa chumvi.

Kalamu_Fupi | #10

Naomba niguse jambo linalokera: karatasi za kuchapishwa zenye mti wa Krismasi wa nukta nukta, mtoto wa miaka mitatu anaambiwa afuatishe.

Mti ule ni pembetatu, na pembetatu imejengwa kwa mistari ya mshazari. Watoto wengi hunakili mstari wa wima karibu na miaka miwili, mduara mitatu, msalaba minne, mraba kati ya minne na mitano, pembetatu karibu mitano. Nyota yenye ncha tano ni baadaye zaidi. Kwa hiyo mti na nyota, alama mbili maarufu za msimu, ndizo ngumu kuliko zote kwa mkono mdogo. Wa miaka mitatu mpeni shada la maua la mlangoni, ambalo ni mduara, na mipira ya mti. Wa minne achore zawadi: boksi na utepe, yaani mraba wenye msalaba ndani.

Vikorokoro vya krayoni vilivyovunjika msivitupe. Kipande cha sentimita 3 hakina nafasi ya ngumi, kinalazimisha vidole vitatu. Krayoni ndefu mpya inakaribisha kiganja kizima.

Vibanio_Tu | #11

Sikubaliani kabisa kuhusu karatasi za kufuatisha. Mtoto wa miaka mitano anayezipenda zinamsaidia kuongoza mkono.

Kalamu_Fupi | #12

Wa mitano, sawa. Nilisema mitatu. Hata kwa wa mitano, karatasi moja halafu achore bila nukta, vinginevyo anajifunza kufukuza nukta na siyo umbo.

Ukutani | #13

Kwa nini kila kitu mezani? Bandikeni mti mkubwa wa karatasi ukutani, kitovu chake usawa wa macho ya mtoto. Mkono ukifanya kazi kwenye ukuta, kifundo kinajikunja nyuma chenyewe, na huo ndio mkao unaovipa vidole nguvu ya kubana. Bega nalo linapata kazi.

Mapambo ya mti huo yawe stika za mviringo. Kwa wa miaka miwili toa kwanza karatasi ya ziada inayozunguka stika, zibaki stika tu juu ya karatasi ya nyuma, kingo zitakuwa zimeinuka. Kwa wa mitatu iache, ila kunja karatasi nyuma ili ukingo wa stika uchomoze. Wa minne abandue bila msaada. Stika za kipenyo cha milimita 20 kwanza, halafu 12, halafu 8.

Gundi ya chupa huharibu kazi hizi zaidi ya kitu kingine. Mtoto anaikamua kwa ngumi, linatoka ziwa, karatasi inalowa. Mimina kidogo kwenye kifuniko, mpe kijiti cha masikio kilichokatwa katikati. Kwa mnyororo wa karatasi, nukta moja, kisha abane kiungo kwa gumba na shahada wakati mnahesabu hadi 10. Kiungo kikifunguka, aliachia mapema au gundi ilikuwa nyingi. Stepla iacheni kwa mkubwa.

Mlinzi_wa_Vidogo | #14

Naomba kila anayetumia uzi huu asome hapa kabla ya shanga.

Kipimo cha vitu vidogo kwa chini ya miaka mitatu ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7. Kinachoingia humo chote kinaweza kumkaba. Nyumbani tumieni mrija wa karatasi ya chooni, una sentimita 4 hivi, kwa hiyo ni mkali kidogo zaidi, ambalo ni jambo jema. Shanga nyingi zinazotajwa hapo juu zinaingia. Wa miaka miwili apewe pete kubwa za kadibodi, zilizokatwa kutoka kwenye mirija hiyohiyo kwa upana wa sentimita 4, azitunge kwenye kamba nene isiyozidi sentimita 20.

Betri za kifungo, zile bapa za kadi zinazoimba na taa ndogo za mapambo: kadi au taa ambayo kifuniko cha betri hakina skrubu isiwe kwenye meza ya watoto. Ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa 2. Usimtapishe, peleka hospitali hapohapo hata kama haonyeshi dalili.

Sumaku ndogo za mapambo na shanga za maji zinazovimba, hapana kwa umri wowote wa uzi huu.

Mama_Awali | #15

Nimepata. Swali la mwisho: nina wawili wanaotumia mkono wa kushoto. Mkasi "wa mikono yote" unatosha?

KaratasiNgumu | #16

Hautoshi. Huo umebadilishwa mishikio tu, makali yamebaki ya kulia. Kwenye mkasi wa kushoto wa kweli, ukali wa juu upo upande wa kushoto, hivyo mtoto anauona mstari anaoukata, na vidole vyake vinapobana vinasogeza makali yakaribiane. Akitumia wa kulia, mkono wake unayatenganisha, karatasi inajikunja, na atapinda kifundo ndani ili achungulie mstari. Ukiona anachungulia, tatizo ni mkasi.

Anaanzia upande wa kushoto wa karatasi, akifuata mwendo wa saa kwenye miduara. Keti mbele yake unapoonyesha, siyo kando, ili akuone kama kwenye kioo. Na kama mtoto bado anabadilishabadilisha mikono akiwa na miaka mitatu, usimchagulie: weka mkasi wa aina zote mbili katikati ya meza, uandike anaochukua kila mara.